Leseni na Jirani

Somo kwa wazee wa usharika na wainjilisti
Soma kwanza: Warumi 13:1-10, 1 Wakorintho 10:23-33, Wafilipi 2:1-4



Mwezi huu twataka kufundishana juu ya jambo linaloleta manung'uniko katika sharika nyingi. Mtu ana baa yake, nayo ina leseni ya kuuza vileo ndani ya nyumba. Siku moja aomba leseni ile ibadilishwe, apate kuweka meza uani chini ya miti, watu wanywe nje penye upepo. Majirani wapinga: wanena habari ya kelele, na pikipiki za usiku, na walevi wanaojisaidia penye nyua zao. Wakubwa wasikiliza, na wakiisha kusikiliza, watoa leseni. Hapo Wakristo waulizana: Ikiwa sheria imeruhusu, je, limebaki neno la kunena?

Jambo hili si geni duniani. Bustani za kunywea bia zilianza kusini mwa Ujerumani, katika mji wa München. Wapika bia wa huko walichimba maghala chini ya ardhi ili bia isiharibike wakati wa joto, na juu yake wakapanda miti ya kivuli. Watu wakaja kunywa papo hapo. Wenye vilabu vya mjini wakanung'unika ya kwamba wanapokonywa riziki. Basi tarehe 4 Januari 1812 mfalme Maximilian wa Kwanza alikata shauri: wapika bia wauze bia penye maghala yao miezi ya joto, lakini chakula wasiuze, isipokuwa mkate. Twaona ya kuwa tangu zamani ruhusa ilitolewa pamoja na mpaka wake, kwa ajili ya jirani.

Baadaye shauri likarudi kwa sura nyingine. Karibu na mji ule, majirani wa bustani moja kubwa walikwenda mahakamani kwa sababu ya kelele, na bustani ikaamriwa kufungwa saa 3 na nusu usiku. Tarehe 12 Mei 1995 watu wapata 20,000 wakaandamana kuitetea bustani, na serikali ya jimbo ikafanya haraka kutunga kanuni ya kuongeza saa. Walakini mwaka 1999 mahakama ya juu ya Ujerumani katika mambo ya utawala iliitangua kanuni ile, kwa kuwa haikulinda vya kutosha usingizi wa majirani. Mwaka uo huo ikatungwa nyingine: muziki ukome saa 4 usiku, vinywaji visiuzwe baada ya saa 4 na nusu, na saa 5 bustani ifungwe. Bustani hazikufutwa, wala majirani hawakupuuzwa. Wingi wa wenye kufurahi haukuondoa haki ya wachache wenye kutaka kulala.

Kwetu Tanzania nako sheria zipo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yamtaka muuzaji awe na leseni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2015, yakataza kelele zilizopita kiasi. Basi aliyepewa leseni hakupewa ruhusa ya kila kitu. Na jirani aliyeshindwa katika shauri la leseni angali na haki ya kushtaki kelele.

Lakini sheria ya serikali ni kama ua wa shamba: wazuia mbuzi wasiingie, hauoteshi mahindi. Yatupasa kuuliza Mungu ataka nini. Tukiifuata Katekisimo Ndogo ya Luther, amri tatu zahusika.

Amri ya Tano. Luther afundisha ya kuwa haitoshi kutomwua jirani. Tusimdhuru mwili wake, bali tumsaidie katika mahitaji yake. Usingizi ni hitaji la mwili. Mgonjwa auhitaji, na mtoto wa shule, na mama aamkaye saa 10 alfajiri kupeleka ndizi sokoni. Amnyimaye jirani usiku wake amegusa mwili wake.

Amri ya Saba. Hapa twaagizwa kulinda mali ya jirani na kumsaidia apate riziki. Mwenye baa naye ni jirani. Ana watoto wa kulisha na watumishi wa kulipa. Hatusemi ya kuwa bia yenyewe ni dhambi; Katharina, mkewe Luther, alipika bia nyumbani kwake Wittenberg. Ulevi ndio dhambi (Waefeso 5:18). Basi tusiombe biashara ya mtu ife, tukijidai kwamba twapenda amani.

Amri ya Nane. Tusimsingizie mwenye baa kisimani na sokoni. Wala yeye asiseme ya kuwa majirani wana wivu, ikiwa wanalia kweli.

Sasa twaungama jambo letu wenyewe. Katika usharika tuliowahi kuutumikia, shauri kama hili lilitokea, nasi tulinyamaza. Kwa nini? Mwenye baa alikuwa mtoaji mkubwa katika mnada wa mavuno, na majirani walikuwa maskini. Mjane mmoja akatujia, akasema, "Baba Mchungaji, mimi siichukii bia yake. Nataka usiku wangu tu." Neno lile lilituchoma. Tukaenda na wazee wawili kwa mwenye baa, leseni ikiwa imekwisha kutolewa. Tukamwomba mambo matatu: azime vipaza sauti saa 4, ajenge choo na ukuta upande wa mjane, tena aende mwenyewe kumsalimu. Choo na ukuta alijenga. Vipaza sauti huzima, isipokuwa Jumamosi. Kwa mjane hajakwenda hata leo. Twasikitika, maana kama tungalikwenda mapema, kabla watu hawajashindana mbele ya wakubwa, huenda moyo wake ungalikuwa laini.

Tena, ndugu, tutazame boriti iliyo jichoni mwetu (Mathayo 7:3-5). Mkesha wetu wenye vipaza sauti hadi alfajiri wamnyima usingizi mjane yule yule. Sheria ya kelele haiulizi kama ni wimbo wa baa au pambio. Tukitaka kusikiwa na mwenye baa, na tuanze kwa kupunguza sauti zetu.

Maswali ya kuzungumza:

1. Katika 1 Wakorintho 10, Paulo atofautishaje yaliyo halali na yanayojenga?
2. Ni nani katika mtaa wetu hawezi kulala, na ni kwa sababu ya nani?
3. Je, tumewahi kunyamaza mbele ya mtu kwa ajili ya sadaka yake?
4. Mzee wa usharika na aende kwa nani kwanza: kwa mwenye baa, kwa majirani, au kwa serikali? Someni Mathayo 18:15.

Leseni hutolewa na watu, nayo ina mwisho wake. Deni la kupendana halina mwisho. Bwana atupe sisi sote usiku wa amani, na ujasiri wa kwenda kwa jirani mapema.