Taa ya Kusomea Kindle: Maswali Yanayoniudhi na Yanayonitia Hofu

Kindle ya kawaida, ile ya bei nafuu, haikuwa na taa yake hadi toleo la 2019. Ndiyo maana nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Busia hazisomeki usiku bila taa ya pembeni. Kuitengeneza taa hiyo si kazi kubwa. Kubwa ni uvumi unaoandamana nayo. Walioniuliza namna ya kushika solda waende kwa fundi redio aliye karibu nao. Nafasi hii ni ya mambo mengine.

Fundi mmoja stendi anasema ataifungua Kindle yangu aitie taa nyuma ya skrini, iwe kama simu. Nimlipe?
*(Barua kadhaa kutoka Osieko, Port Victoria, Bumala na Malaba, zote zikiuliza jambo hili hili)*

Usimpe hata shilingi kumi. Nitaeleza kwa kirefu ili nisiulizwe tena.

Skrini nyingi za simu zina taa nyuma, na mwanga wake hupenya kioo hadi kwenye jicho lako. Wino wa elektroniki haufanyi kazi hivyo. Ni teknolojia iliyotoka katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani, na kampuni ya E Ink ikaundwa mwaka 1997 kuiendeleza. Ndani ya skrini mna vifuko vidogo sana, na kila kifuko kina chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukizisukuma nyeupe juu, sehemu hiyo inaonekana nyeupe. Ukizisukuma nyeusi, unaona herufi. Zikishakaa mahali pake, hazihitaji umeme tena. Kwa sababu hiyo betri hudumu wiki nyingi, na hata mashine ikizimika ghafla picha hubaki pale pale.

Sasa sikilizeni. Unaiona herufi kwa sababu mwanga wa nje umeigonga skrini ukarudi machoni. Chembe hizo hazipitishi mwanga kutoka nyuma, wala kibao cha umeme kilicho chini yake hakipitishi. Kuweka taa nyuma ya Kindle ni kama kuwasha taa chumba cha pili ukitumaini kusoma kalenda iliyotundikwa ukutani chumba hiki.

Najua mtakachosema: "Mbona Paperwhite inawaka?" Inawaka tangu 2012, lakini taa yake iko mbele. Vijitaa vimepangwa ukingoni, na mwanga wao husafiri ndani ya utando mwembamba wa plastiki uliolazwa juu ya skrini. Utando huo una alama ndogo mno zinazougeuza mwanga uelekee chini, kwenye ukurasa. Hugandishwa kiwandani. Fundi wa stendi hana utando huo, hana mashine ya kuugandisha, na kama anakwambia ataweka taa nyuma, hajui hata taa inakaa upande gani. Alicho nacho ni kisu cha kubandulia. Chini ya skrini nyingi za namna hii mna kioo chembamba sana. Kikipata ufa, mistari inatokea na haiondoki. Halafu atakwambia ilikuja ikiwa mbovu.

Naweza kuvuta umeme wa taa kutoka tundu la chaja la Kindle?

Hapana. Tundu hilo linapokea umeme, halitoi.

Basi tuambie taa yenyewe inavyotengenezwa.
*(Mama mfanyabiashara, Busia)*

Tafuta simu ya mulika mwizi iliyokufa, ya aina inayotumia betri ya BL-5C. Betri hiyo ni ya volti 3.7 na ikiwa mpya hubeba takriban mAh 1,020. Simu iliyokufa itakuwa nyumba ya betri: waya unaungwa kwenye vile vidole vinavyogusa betri, kamwe si kwenye betri yenyewe, kwa maana joto la solda huiharibu. Pima kwanza kwa mita ujue chanya na hasi.

Nunua vijitaa viwili vya LED vya milimita 5, vya mwanga wa manjano kidogo. Kila kimoja kipe rezista yake ya omu 100, visichangie moja. Kila kijitaa kitakula miliampea 7 hadi 12 hivi, na betri nzima itakupa zaidi ya saa 40 za kusoma. Weka swichi. Betri ikiisha, itoe ukaichaji ndani ya simu nyingine iliyo nzima.

Shingo ya taa iwe waya mgumu wa shaba, ule wa kufungia umeme nyumbani. Funika vijitaa kwa kipande cha chupa nyeupe ya plastiki ya maziwa ili mwanga utawanyike. Taa imulike kutoka juu kwa pembeni, kama digrii 45. Ukiimulika Kindle moja kwa moja utaona doa la mwanga na hutaona maneno. Na pegi ya kuishikilia ibane jalada, isibane ukingo wa Kindle. Nimeshasema kuhusu kile kioo.

Sokoni kuna betri za duara za 18650 zilizoandikwa mAh 9,900, bei rahisi. Si bora hizo?

Hizo ni uongo uliochapishwa kwenye karatasi. Betri ya ukubwa huo iliyo ya kweli hufika mAh 3,500 hivi. Anayedanganya kuhusu namba atadanganya pia kuhusu usalama. Ukipata ya kweli, ichaji kwa kibao cha kuchajia cha TP4056 chenye ulinzi, si kwa nyaya zilizopachikwa moja kwa moja kwenye chaja. Na kwa kuwa kibao hicho hutoka kiwandani kikisukuma ampea 1 nzima, usikitumie kuchaji BL-5C bila kubadilisha rezista yake ndogo. Ya kilo-omu 3 hushusha hadi miliampea 400 hivi.

Betri yangu imevimba. Nimeambiwa niitoboe kwa sindano itoe hewa.

Aliyekwambia hivyo hapendi nyumba yako. Betri ya lithiamu iliyotobolewa huweza kuwaka moto palepale. Acha kuitumia, usiichaji, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha umpelekee anayekusanya taka za elektroniki.

Mimi ni dereva wa trela. Nikikwama kwenye foleni ya Malaba husoma ndani ya kabini. Nimeunga taa yangu ya USB kwenye betri ya lori, ikalipuka. Kwa nini?

Ndugu dereva, lori lako ni la volti 24, na injini ikinguruma hupanda hadi 28. Taa ya USB ni ya volti 5. Rezista ya omu 220 inayotosha kwa volti 5 inaachia karibu miliampea 95 kwenye volti 24, na kijitaa cha taa hiyo kinavumilia 20. Nunua chaja ya gari iliyoandikwa volti 12 hadi 24, uchomeke taa hapo.

Sisi wavuvi wa omena tuna betri za volti 12 za taa za ziwani. Zinafaa kusomea?
*(Osieko)*

Zinafaa sana. Panga vijitaa vitatu kwa mfululizo, na rezista moja ya omu 330. Utatumia miliampea 10 hivi, kiasi ambacho betri ya ziwani haitakisikia. Lakini weka fyuzi ya ampea 1 karibu na ncha chanya. Nyaya za betri hizo zikigusana, waya hugeuka kaa la moto. Nyakati za mbalamwezi, omena wasipofuata taa, betri iko nchi kavu na wewe huna kisingizio cha kutosoma.

Pawabenki yangu huzima taa baada ya muda mfupi. Ni mbovu?

Si mbovu. Taa yako inakula umeme kidogo mno, nayo pawabenki hudhani hakuna kilichochomekwa. Tumia betri ya simu.

Kusoma usiku kunapofusha? Kuna mtu anauza matone na miwani ya kuzuia mwanga wa bluu.
*(Barua nyingi, hasa za wazazi)*

Mwanga hafifu huchosha macho, hauyapofushi. Koroboi ndiyo ya kuogopa, kwa moshi wake mapafuni na kwa moto. Ongeza ukubwa wa herufi kwanza, Kindle inakuruhusu. Ukivuka miaka 40 na herufi zinakataa kukaa wazi, hiyo ni hali ya umri, na dawa yake ni miwani iliyopimwa. Nenda kliniki ya macho ya hospitali ya kaunti, au Sabatia kule Vihiga. Matone ya stendi usiyatie jichoni.

Nitumie betri ya kidonge, ile ya saa? Taa iwe ndogo.

Kama kuna mtoto nyumbani, hapana. Akiimeza na ikakwama kooni, huweza kumchoma ndani kwa saa mbili tu. Akiimeza, mkimbizeni hospitali hata kama halii.

Shule yetu ina Kindle za msaada kabatini. Hazina taa, kwa hiyo hatuzitumii kwenye preps za usiku.
*(Mwalimu, Budalangi)*

Mwalimu, hili ndilo limeniudhi kuliko yote. Betri ya lithiamu ikikaa miezi mingi bila chaji hufa, na kila muhula mnaoliacha kabati limefungwa mnazika mashine kadhaa. Zitoeni wiki hii, mzichaji zote, kisha muwape wanafunzi wa fizikia kazi ya kutengeneza taa. Vijitaa, rezista na simu kuukuu havizidi uwezo wa shule yoyote ya Budalangi.