Namna Simu Inavyotambua Safari ya Gari

Wanafunzi wengi wameniuliza: simu iliyo mfukoni yajuaje kwamba mwenyewe amepanda gari, hata ikaandika safari yake bila kuguswa? Nitajibu kwa ufupi, nikitumia njia tunayoijua sote, ile itokayo Kamembe kwenda Huye kupitia msitu wa Nyungwe.

Ndani ya simu mna kifaa kidogo mno kipimacho mtikisiko. Mtu akitembea, mtikisiko hufuata hatua zake; akiwa garini, hutikiswa na injini na barabara kwa namna nyingine. Kifaa hiki hula umeme kidogo sana, kwa hiyo chaweza kukesha kama mlinzi mlangoni. Kikiona dalili za gari, huamsha chombo cha pili.

Chombo hicho hupokea ishara za setilaiti za GPS, zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Kwa ishara za setilaiti nne au zaidi, simu hukadiria mahali ilipo. Chombo hiki humaliza betri upesi, ndiyo sababu hakiachwi wazi siku nzima. Kasi ikizidi ile ya miguu, programu hufungua safari mpya na kuweka nukta moja baada ya nyingine. Gari likisimama kwa dakika kadhaa, huifunga. Mtandao wa simu ukikatika msituni kazi haikomi, maana setilaiti hazihitaji mnara. Hesabu huwekwa akiba na kupelekwa baadaye.

Sasa tazameni makosa yanapoingia. Umbali hupatikana kwa kujumlisha mistari iliyonyoka kati ya nukta. Barabara ya Nyungwe ina kona nyingi. Nukta zikiwa chache, mistari hukata kona, na jumla hupungua. Jaribuni wenyewe: choreni kona, ipimeni kwa uzi, kisha pimeni kwa rula toka mwanzo hadi mwisho. Programu nyingine hurekebisha kosa hili kwa kufuata ramani ya barabara. Isiporekebishwa, dereva alipwaye kwa kilomita hupunjwa.

Tena simu haijui nani ameshika usukani. Nilipokwenda Huye kwa basi, yangu iliandika kwamba nimeendesha gari. Na tuliposimama Kitabi, ikaigawa safari moja ikawa mbili.

Jambo kubwa zaidi ni hili: daftari la safari hueleza pia unalala wapi na unamtembelea nani. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021, ya kulinda habari za mtu binafsi, yampa mtu haki ya kuondoa kibali alichokitoa. Kwa hiyo ulizeni kwanza nani atakayelisoma.

Basi, ndugu zangu mliokwisha kutoka shuleni na kuingia kazini, itumieni programu hiyo kama karani: mpeni kazi ya kuandika, lakini likagueni daftari lake kila jioni, mkililinganisha na kipimo cha gari.