Hukumu ya Kuwaua Mbwa Wasiotakiwa

Ndugu yetu mmoja wa Garissa ametuletea suala ambalo baadhi ya wasomaji wetu wa mwambao wataliona dogo, lakini sisi hatukuliona hivyo. Asema kuwa katika miji ya upande wa Kaskazini Mashariki mbwa wasio na wenyewe hukusanyika machinjioni na majaani, na watu wamegawanyika juu yao. Wako wasemao wauawe wote kwa nyama iliyotiwa sumu. Wako wasemao wajengewe nyumba za kuhifadhiwa, kama zilivyo Nairobi na Ulaya. Naye amesikia kuwa nyumba hizo zikijaa, mbwa mzima asiye na ugonjwa wala ukali hupigwa sindano akafa, kwa kuwa tu hakupatikana wa kumchukua. Auliza: je, jambo hili lajuzu?

Habari aliyoisikia ni ya kweli. Huko Marekani mbwa wanaouawa namna hiyo kila mwaka huhesabiwa kwa mamia ya maelfu, na wanaofanya kazi hiyo wengi wao ni watu wapendao wanyama, si makatili.

Kabla ya kujibu, twapenda kuondoa kosa moja lililoenea kwetu pwani na kwa ndugu zetu Wasomali, ambao sote twafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Mbwa kwetu ni najisi nzito. Hilo halina ubishi katika madhehebu yetu, ijapokuwa Imamu Malik amemhesabu kuwa ni tohara. Lakini najisi ni hukumu ya maji na udongo. Haikuwa amri ya kuchukia wala ruhusa ya kutesa. Mtoto ampigaye mbwa mawe njiani, naye mzee wake amtazama akicheka, hakufundishwa hayo na kitabu chochote cha fiqhi. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Watu wa Garissa hawahitaji kuelezwa maana ya kiu: katika ukame wa mwaka 2021 wako waliowapelekea maji hata twiga wa Bour-Algi, wanyama wasiokamwa wala kupandwa.

Ama kuua, wengi hushika nusu ya hadithi na kuiacha nusu. Ni kweli kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha mbwa wa Madina wauawe, Muslim ameipokea kwa Jabir. Lakini Jabir huyo huyo aeleza kuwa baadaye Mtume alikataza, akabakisha mbwa mweusi peke yake. Na Imamu Nawawi amenukuu kwa Imamul Haramayn kuwa mwisho wa sharia ulikaa juu ya kukataza kuuawa kila mbwa asiye na madhara, mweusi na asiye mweusi. Haya ni maneno ya wakubwa wa madhehebu yetu wenyewe, si ya watu wa kigeni. Anayebaki nje ya katazo hilo ni mbwa mkali ashambuliaye watu na mwenye kichaa; huyo huuawa, na kuuawa kwake ni kuwalinda watu na mifugo, kwani ngamia na ng'ombe pia hufa kwa ugonjwa huo.

Basi mbwa mzima aliyekaa kizimbani, kosa lake kukosa nafasi, hatuoni mlango wa kumhalalishia kifo. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alipozitaja haki za mnyama juu ya mwanadamu alianza na kumlisha, hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa tena kwa lolote. Neno "asiyetakiwa" halimo katika hesabu yake. Asiyetakiwa leo alitakiwa jana na mtu fulani, akachukuliwa akiwa mdogo na wa kupendeza, kisha akatupwa. Na dhambi ya kwanza i kwa huyo aliyemtupa, kabla haijamfikia mwenye sindano.

Lakini tusidhani kuwa kuwafungia ndiyo rehema. Mwaka 1910 watawala wa Istanbul, wakitaka mji ufanane na miji ya Ulaya, waliwakamata mbwa wa mitaani kwa maelfu wakawatupa katika kisiwa kikavu cha Sivriada, wakafa kwa njaa na kiu. Hakuna aliyewapiga risasi, na kila mtu aliweza kusema mikono yake ni safi! Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Nyumba ya hifadhi iliyojaa kupita kiasi, mbwa wakiumana na kuambukizana maradhi, iko karibu mno na hadithi hiyo. Nayo Uturuki imelirudia jambo hili mwezi wa Julai 2024, Bunge lake lilipopitisha sheria ya kuwakusanya mbwa wa mitaani na kuruhusu wauawe walio wakali au wenye maradhi yasiyopona. Na Waislamu wa huko wenyewe wamekhitalifiana juu yake vikali.

Imebaki njia ya tatu: kuwachanja, na kuwazuia wasizae. Kuhusu chanjo hatuna shaka. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa, na kichaa cha mbwa kikakoma mwaka 2014. Kikaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, kikakoma mwaka 2018. Kenya nayo imekusudia tangu mwaka 2014 kuwa ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa kiletwacho na mbwa, na shabaha ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Sumu haifiki huko, kwa sababu wanaouawa nafasi zao hushikwa na wengine wasiochanjwa. Tena sumu haichagui, humuua na mbwa wa mchungaji, ambaye sharia imeruhusu kumfuga. Na Muslim amepokea amri ya kufanya wema hata katika kuua. Sumu imsokotayo mnyama saa nzima ina wema gani?

Kuwahasi ndipo penye uzito, nasi hatutaki kuuficha. Imamu Nawawi ameeleza kuwa mnyama asiyeliwa ni haramu kumhasi. Mahanafi wameruhusu kuhasi wanyama pakiwa na manufaa. Sisi twaona kuwa asemaye haramu kuhasi, kisha akanyamaza mbwa wakiuawa kwa sumu kila mwaka, ameshika dogo akaachilia kubwa. Na kanuni ya wanazuoni ni kuwa madhara mawili yakikutana hutendwa lililo jepesi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi, mnyama hahisi kisu. Kwa hiyo twaielekea kauli ya Hanafi katika jambo hili, na atakayeona vinginevyo na atuletee hoja yake tuichapishe.

Mbwa aliye katika maumivu yasiyo na tiba ni suala jingine, wala lisichanganywe na la kukosa nafasi. Vitabu vya Shafi vya baadaye vimekataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha. Vya Hanafi vimeruhusu. Aliyemwona mbwa aliyevunjwa mgongo na lori akijikokota kandoni mwa njia atajua kwa nini waliruhusu, na hapo sindano ya daktari ni bora kuliko jiwe.

Vijana wengi huwakimbia wachanjaji kwa kuogopa udhu. Kumshika mbwa mkavu kwa mkono mkavu hakunajisi. Akikulamba, osha mara saba, moja kwa udongo, na swala yako i pale pale. Lakini akikuuma, usingoje kuuliza hukumu: osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe sindano za chanjo, kwani dalili za kichaa zikishatokea ni nadra mno mtu kupona.

Sehemu ya pili ya barua ya ndugu yetu, inayohusu punda wazee waachwao njiani baada ya kubebeshwa maji miaka mingi, tutaijibu katika toleo lijalo, inshallah.