Risiti ya Mashine na Maamuzi ya Halmashauri
Mfumo wa taarifa za uongozi hukusanya kumbukumbu za kila siku, huzichambua na kuwapatia viongozi msingi wa kuamua. Mfano ulio karibu ni TAUSI, mfumo wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI wa kukusanya mapato ya halmashauri.

Mkusanyaji wa ushuru wa soko, awe Sirari au Mugumu, anapotoa risiti kwa mashine, kumbukumbu huingia katika mfumo. Kwa mweka hazina, kumbukumbu hiyo huwezesha kulinganisha kilichokusanywa na kilichofika benki. Kwa Baraza la Madiwani, huonesha chanzo kinachokua na kinachodorora kabla ya kupitisha bajeti.

Fedha isiyokatiwa risiti haionekani popote. Kisheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hivyo, kila shilingi 10,000 ya ushuru isiyoingizwa huvinyima vikundi hivyo shilingi 1,000. Mwananchi anayelipa ushuru anahimizwa kudai risiti na kuhakiki kiasi kilichoandikwa.