Madarasa ya Mapokezi ya Lugha kwa Wanafunzi Wahamiaji: Mfano wa Shule za Upili za Ufaransa

Utangulizi

Mwanafunzi ahamiapo nchi ya kigeni katikati ya masomo, hupoteza chombo alichozoea kujifunzia, yaani lugha. Makala haya yanachunguza jinsi shule za upili za Ufaransa zinavyolikabili tatizo hili. Tunadai kwamba darasa la mapokezi hufaa pale tu linapokuwa daraja la kuvukia, wala si kisiwa cha kumtenga mgeni.

Muundo wa Madarasa

Ufaransa ilianzisha madarasa haya katika shule za msingi mwaka 1970, na katika shule za upili mwaka 1973. Waraka wa wizara ya elimu wa Oktoba 2012 uliyageuza kuwa vitengo vinavyojulikana kwa kifupi kama UPE2A. Mwanafunzi husajiliwa katika darasa la kawaida linalokaribiana na umri wake, kisha hutolewa humo kwa angalau saa 12 kila juma ili afunzwe Kifaransa. Michezo, muziki na sanaa huvihudhuria pamoja na wenzake.

Awasilipo, hupimwa Kifaransa chake, usomaji wake katika lugha aliyofunzwa kwao, pamoja na hisabati. Upimaji huu una maana kubwa, kwani kutojua Kifaransa si kutojua lolote. Kijana aliyeimudu aljebra kwa Kiarabu hahitaji kufunzwa aljebra upya. Ahitajicho ni istilahi. Aidha, asiyewahi kusoma shuleni ana kitengo chake maalumu, kwa kuwa hujifunza lugha mpya na kusoma kwa wakati mmoja.

Tatizo la Muda

Kwa kawaida mwanafunzi hukaa katika kitengo hiki kwa takriban mwaka mmoja. Hapa ndipo penye utata. Mtaalamu Jim Cummins, aliyechunguza wanafunzi wahamiaji nchini Kanada, alitofautisha lugha ya mazungumzo, ambayo hupatikana kwa miaka 2 hivi, na lugha ya kitaaluma, ambayo huhitaji miaka 5 au zaidi. Mathalani, neno la Kifaransa racine ni mzizi wa mmea katika biolojia, mzizi wa neno katika sarufi, na kipeuo katika hisabati. Mwalimu amsikiaye mwanafunzi akipiga gumzo uwanjani hudhani keshaimudu lugha. Mwanafunzi huyo anapoanguka mtihani, huitwa mzembe.

Hitimisho

Suala hili si geni kwetu. Kenya imepokea wakimbizi Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992, na wapo vijana kutoka Somalia na Sudan Kusini wanaokutana na ngeli za Kiswahili kwa mara ya kwanza wakiwa shuleni. Sisi tunaojiandaa kuwa walimu yatupasa kumpima mwanafunzi wa aina hii kabla ya kumhukumu, kumfafanulia istilahi za kila somo, na kuendelea kumsaidia hata anapoanza kuzungumza kwa ufasaha.