Somo: Kununua Bunduki ya Zamani, Winchester 1894

Ndugu, bunduki hii ni ya Marekani. John Browning aliibuni, na kiwanda cha Winchester cha New Haven kikaanza kuiuza mwaka 1894. Ukishusha wenzo ulio chini na kuurudisha, risasi mpya inaingia. Watu wengi wanaitafuta, na wadanganyifu wanajua hayo. Basi, kabla ya kutoa fedha, fanya hivi:

1. Hakikisha haina risasi. Fungua wenzo, tazama kwa macho, gusa kwa kidole. Usiamini maneno ya muuzaji.

2. Soma namba chini ya mwili wa chuma, upande wa mbele. Ikiwa chini ya 2,700,000, ilifanywa kabla ya mabadiliko ya 1964. Mwaka ule kiwanda kilibadili ufundi ili kupunguza gharama. Kwa hiyo za kwanza zina bei zaidi.

3. Soma mtutu. «30 W.C.F.» na «30-30» ni risasi moja. «32 W.S.» ni nyingine. Usizichanganye, ni hatari.

4. Tazama ndani ya mtutu penye mwanga. Mistari iwe wazi. Kutu ikichimba mashimo, ni hasara.

5. Herufi zikififia chini ya rangi mpya inayong'aa, chuma kimesuguliwa, na thamani imepungua.

6. Tazama kitako. Mti ukipasuka karibu na chuma, punguza bei.

Bunduki iliyochakaa kwa kazi ni bora kuliko iliyopakwa ili kudanganya. Hata ukiisha kununua, usiipige kabla fundi hajaipima.