UPS: usiipigie hesabu ya masaa, ipigie ya dakika

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee UPS, kile kiboksi kizito kinachokaa kati ya soketi na kompyuta, umeme ukikatika kinalia pii pii. Wengi wanaikimbia, eti "inakaa dakika kumi tu." Mimi nasema hizo dakika ndizo unazolipia.

Fikiria uko laivu unauza mashuka. Oda zinaingia, unaandika kwenye kompyuta nani kalipa yote, nani katanguliza nusu. Umeme huo, puu! Ulichokuwa hujahifadhi kimeenda, na faili likikatwa katikati ya kuhifadhiwa linaweza lisifunguke tena. Sasa nani anakudai mzigo, nani unamdai hela? Ugomvi na wateja unaanzia hapo. Bado umeme kurudi, maana mara nyingine unarudi na volti za juu, na hizo ndizo zinaunguza vifaa.

Ndani ya UPS kuna betri na saketi inayouchungulia umeme wa ukutani muda wote. Ukipotea, inahamia kwenye betri ndani ya milisekunde chache, kompyuta haishtuki hata kidogo. Za bei ya chini kabisa zinangoja umeme ukatike tu. Zinazofuata zina stabilaiza ndani: umeme ukishuka kiasi zinaupandisha bila kugusa betri. Kama mtaani kwako taa zinafifia jioni, chukua hiyo ya pili. Kuna na zile kubwa za hospitali na benki, hizo tuwaachie wenyewe.

Dukani usidanganyike na namba kubwa ya VA. Boksi linasema 650VA, ukisoma vizuri unakuta wati 360 hivi. Wati ndiyo uzito inaoweza kubeba. Tuseme kompyuta ya mezani na skrini yake ni wati 120, ruta 10, jumla 130. Inabeba. Muda je? Nyingi za saizi hiyo zina betri ya volti 12, Ah 7. Zidisha upate 84, gawa kwa 130, karatasini ni kama dakika 38. Kiuhalisia usitegemee hata nusu yake, maana betri inayonyonywa haraka inatoa kidogo. Lakini inatosha kuhifadhi faili, kuwaaga watu wa laivu na kuzima kompyuta kistaarabu.

Mwenye laptopu ana betri tayari, shida yake ni ruta. Huyo atafute UPS ndogo ya ruta. Ahakikishe tu volti zinalingana, ruta nyingi ni 12 lakini zipo za 9 na za 5.

Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Ikipasha moto inavuta mamia ya wati kwa mpigo, UPS inazidiwa na kuzima vyote. Na jagi la chai, jamani, hapana.

Betri hukaa miaka mitatu hadi mitano, na joto linaiua mapema, kwa hiyo isikae juani wala usiifunike na mizigo. Kila mwezi hifadhi kazi zako, zima swichi ya ukutani, hesabu dakika. Zikipungua sana, fundi anabadilisha betri peke yake, huna haja ya kununua UPS nyingine. Ile ya zamani ina risasi ndani, usiitupe jalalani, wapelekee wanaonunua betri chakavu.